Mashine ya Matawi kwa Bustani Kubwa: Anza na Lundo

Kabla hujauliza bei ya mashine ya kukatakata matawi, nenda kwanza nyuma ya bustani ukaliangalie lundo. Kila mwenye ekari moja au mbili zenye ua, miti ya kivuli na miti ya matunda analo: matawi ya mgrevilea yaliyopunguzwa, vipande vya ua wa kayaba, bogenvilia iliyofyekwa, majani ya mjakaranda, na kwa walio pwani, makuti na matawi ya mvinje. Mara nyingi lundo hilo huishia kwenye kiberiti. Moshi humwingilia jirani, viumbe vidogo vya udongo huungua chini ya moto, na sehemu ya chakula ambacho mti ulikivuta ardhini kwa miaka hupotea hewani kwa saa moja. Kwa hiyo naunga mkono kwa moyo wote kila anayetaka kununua mashine ya kuyakata matawi yale na kuyarudisha shambani. Lakini nyingi ya mashine hizi zimelala stoo, na sababu karibu kila mara ni ileile: mnunuzi alitazama nguvu za farasi zilizoandikwa ubavuni, hakutazama kilichomo kwenye lundo lake.

Lipangue lundo hilo kwa mafungu. Weka upande mmoja vitu laini: nyasi, majani matupu, mabua, mashina ya migomba. Upande mwingine weka vijiti visivyozidi unene wa kidole gumba, yaani kama sentimita 2. Kisha matawi ya sentimita 2 hadi 5, na mwisho kila kinachozidi hapo. Usikadirie kwa macho. Tumia rula, na upime kwenye kitako cha tawi, si katikati.

Fungu la mwisho litoe kwenye hesabu kabisa. Katalogi nyingi za mashine hizi zimeandikiwa watu wa Ulaya ambao kwao tawi nene ni taka kama taka nyingine. Kwetu, mti uliozidi unene wa kifundo cha mkono una mwenyewe: ni kuni, ni nguzo ya banda, ni kijiti cha kuegemezea mgomba. Utakapomlipa muuzaji ili upate mashine inayomeza gogo la sentimita 10, utakuwa umelipia uwezo ambao hutautumia, kwa sababu gogo lenyewe halitafika mdomoni mwa mashine. Fungu la kwanza nalo hupungua lenyewe penye ng'ombe au mbuzi. Kinachobaki, na ndicho kinachotusumbua, ni yale mafungu mawili ya katikati, vijiti na matawi membamba, yakiwa bado na majani yake na pengine miiba. Mashine yako inunuliwe kwa ajili ya hayo.

Hapo ndipo wengi huuliza: nina mashine ya kukatia majani ya ng'ombe, kwa nini nisiitumie hiyo hiyo? Kwa machipukizi mabichi ya kaliandra au lusina yasiyozidi unene wa penseli, itumie. Kwa tawi kavu la mwembe, hapana. Visu vyake vimetengenezwa kwa ajili ya mabingobingo na mabua. Vikikutana na mti mgumu hubanjuka makali, na kile kipande cha chuma kilichobanjuka hakipotei. Kinaingia kwenye chakula, ng'ombe anakimeza, na chuma chenye ncha kikikaa kwenye tumbo la pili huweza kutoboa hadi kufikia moyo. Kuna na jambo la sumu. Mwoleanda, ule mti wa mapambo wenye maua ya waridi uliojaa kwenye bustani za hoteli na za nyumbani, una sumu katika kila sehemu yake, na mabaki yake kwenye visu ni hatari kwa mifugo. Mashine ya chakula cha mifugo na mashine ya matawi ziwe mbili tofauti, hata kama moja ni ya kuazima.

Sasa, mashine za matawi zenyewe zimegawanyika kwa namna zinavyokata, na namna hiyo ina maana kuliko jina lililo ubavuni.

Iko ile ya sahani inayozunguka kwa kasi, yenye visu viwili au zaidi vilivyofungwa kwa bolti. Huzunguka maelfu ya mara kwa dakika, hupiga kelele kali, na hutoa vipande vidogo safi. Kwa vijiti na majani yaliyoanza kukauka inafanya kazi nzuri. Mvua ikinyesha ukaipa majani yaliyolowa, huziba kooni.

Iko ya roda, ambayo ndani yake kuna pipa dogo la chuma lenye meno, linalozunguka polepole, mara 40 hivi kwa dakika, na kulibana tawi dhidi ya bamba la alumini. Hulivuta tawi lenyewe bila kusukumwa, na kelele yake ni ndogo kiasi kwamba unaweza kuongea na mwenzako mkiwa pembeni yake. Haikati sana, inaponda. Tawi hutoka limevunjwavunjwa, nyuzi zake zikiwa wazi, na hali hiyo huliozesha haraka likiingia kwenye mboji. Lakini ukiipa majani mengi laini hutoka kamba ndefu ambazo hazijakatika. Bamba lile hulika, na kuna skrubu pembeni ya kulisogeza: unaikaza taratibu mashine ikiwa inazunguka mpaka usikie mkwaruzo mdogo na uone unga wa alumini ukidondoka, kisha unaacha. Asiyejua hili huamini mashine imekufa, kumbe inahitaji kukazwa kidogo.

Halafu ziko za injini, ambazo nyingi zina midomo miwili. Mdomo mpana wa juu hupeleka majani kwenye nyundo zinazoparaza, na mdomo mwembamba wa ubavuni hupeleka matawi kwenye visu. Hizi ndizo ninazozipendelea kwa shule, misheni, hoteli na mashamba ya miti ya matunda, maana lundo la mahali kama hapo huwa limechanganyika. Mwenye trekta au pawatila aulize pia mashine inayoungwa kwenye chombo hicho; kama injini unayo tayari, huna haja ya kununua ya pili.

Namba ya unene iliyoandikwa kwenye boksi isome kwa tahadhari. Milimita 45 maana yake ni tawi moja, bichi, lililonyooka, la mti laini. Matawi ya kwetu yamepinda, yana vifundo, na mvinje au mkaratusi uliokauka kwa wiki tatu juani ni mgumu kupita kiasi. Punguza theluthi moja ya namba hiyo ndipo upate kazi ya kila siku. Kama tawi nene kuliko yote katika mafungu yako ya katikati lina milimita 40, tafuta mashine inayojitangaza kwa 60. Na uyakate matawi yakiwa mabichi, ndani ya siku chache baada ya kupogoa. Mti mbichi hukatika kwa urahisi na visu hukaa na makali muda mrefu zaidi.

Suala la nguvu linahitaji hesabu kidogo, na halikwepeki. Mota ya umeme ya wati 2,500 kwenye volti 230 huvuta karibu ampea 11. Bustani kubwa ina maana ya waya mrefu. Ukichukua ekstensheni ya mita 50 yenye waya wa milimita 1 ya mraba, kama zile nyingi za dukani, unapoteza karibu volti 20 njiani. Waya wa milimita 2.5 ya mraba kwa urefu huohuo hupoteza kama volti 8. Kwa mtaa ambao jioni volti zenyewe zimeshuka, tofauti hiyo ndiyo inayoamua mota iwake au iungue, kwa kuwa volti zikipungua mota hujitahidi kwa kuvuta ampea zaidi na kupata joto. Nunua waya mnene siku hiyohiyo unayonunua mashine, uukunjue wote kutoka kwenye roda yake kabla ya kuwasha, na usiunganishe viwili kwa selotepu. Gharama ya kuiendesha ni ndogo: saa nzima ya kazi nzito haizidi uniti 2.5 za LUKU au za tokeni.

Injini ya petroli hukuweka huru na waya, na hulifuata lundo lilipo. Ila usiamini namba ya kwenye stika. Honda GX200, injini ya sentimita za ujazo 196 ambayo ndiyo kipimo ambacho wengine wengi wameiga, zamani ilitajwa kuwa na nguvu za farasi 6.5, Honda wenyewe sasa huitaja kwa nguvu halisi ya 5.5. Injini haikubadilika sana, kilichobadilika ni namna ya kupima. Kwa hiyo ukikuta mbili zenye ujazo uleule, moja imeandikwa 7.5 na nyingine 5.5, usikimbilie kubwa. Linganisha ujazo.

Kisha kuna mwinuko, jambo ambalo wauzaji wa Dar es Salaam na Mombasa hawalitaji kwa sababu wao wako usawa wa bahari. Injini ya petroli hupoteza kama asilimia 3 hadi 3.5 ya nguvu zake kwa kila mita 300 unazopanda, kwa kuwa hewa huwa nyepesi. Ukiwa Njombe au Limuru, kwenye mita 2,000 hivi, zaidi ya moja ya tano ya nguvu imekwisha kabla hujalisha tawi la kwanza. Petroli nayo huzidi hewa, plagi hufunikwa na masizi, na fundi anaweza kukubadilishia jeti ya karabureta iendane na huko juu. Mota ya umeme haipungukiwi kwa namna hiyo, na kwa wakazi wa nyanda za juu wenye umeme wa uhakika hii ni sababu nzito ya kuichagua. Wengine wahesabu mafuta: injini ya ukubwa wa GX200 ikifanya kazi kwa nguvu zote hunywa karibu lita 1.7 kwa saa.

Siku ya kwenda dukani, fungasha mzigo wa matawi yako mwenyewe, yale yale ya mafungu ya katikati, pamoja na tawi moja lililopinda vibaya. Mwombe muuzaji awashe mashine na uyalishe wewe. Akikataa, umepata jibu. Akikubali, sikiliza: mashine nzuri hupunguza mlio kidogo tawi linapoingia kisha hurudia kasi yake. Inayozama na kuomba kuzimwa kwa tawi la pili ni dhaifu kwa kazi yako.

Baada ya hapo izimwe, plagi ichomolewe, na kifuniko kifunguliwe. Hapa usione haya kutumia nusu saa. Hesabu bolti za kufungulia: kama ni nyingi na kila moja inataka spana yake, mtunza bustani wako hatakifungua kifuniko hicho kusafisha, na uchafu utakaa ndani ukila chuma. Zungusha sahani kwa kijiti, usitumie kidole, uone kama inayumba. Tazama pale kisu kinachozunguka kinapokutana na kisu kisichotembea. Nafasi kati yao iwe ndogo, milimita 1 au pungufu, na iwe na bolti ya kuirekebisha. Nafasi ikiwa pana, tawi jembamba halikatwi bali linakunjwa, na nyuzi zake zinajizungushia kwenye shafti mpaka beringi ichemke. Makuti, mkonge na mashina ya migomba ni mabingwa wa jambo hilo, ndiyo maana kwa migomba naona panga linatosha: pasua shina, katakata, tandaza.

Soma namba za beringi. Zikiwa 6204, 6205 au 6206, utazipata kwenye duka lolote la vipuri vya mashine mjini. Uliza mkanda ni wa namba gani. Wa kundi A au B unauzwa kila mahali, lakini wa kipimo cha pekee utakufanya usubiri meli. Uliza visu vya akiba, na usilipe kabla hujavishika mkononi. Ahadi ya kuviagiza baadaye haina thamani siku visu vya kwanza vitakapokwisha.

Mafundi wetu wenyewe wanatengeneza mashine hizi, na nyingine ni nzuri kwelikweli. Nenda Gerezani Dar es Salaam, Kamukunji Nairobi, au karakana zilizo kwenye mitaa ya viwanda vidogo vya shirika la SIDO katika mikoa ya Tanzania. Arusha wako CAMARTEC ambao kazi yao ni zana za kilimo na teknolojia za vijijini. Faida ni kwamba aliyeichomelea yupo, na kisu kilichotengenezwa kwa springi ya gari, kikipozwa vizuri, hudumu. Kasoro ninayoikuta mara kwa mara iko kwenye ulinzi: puli na mkanda viko wazi, na mdomo wa kulishia ni mfupi. Mdomo uwe mrefu kuliko mkono wa mtu mzima, ili hata mtu akijisahau, vidole visifike kwenye visu. Mwambie fundi aongeze urefu na afunike mkanda kabla hujamlipa salio. Hilo si suala la kupatana bei.

Anayestahili kwenda nawe dukani ni yule atakayeiendesha. Mara nyingi si mwenye bustani. Ni kijana au mzee aliyeajiriwa, na ndiye atakayesimama mbele ya mdomo ule. Mwone kama anaifikia swichi ya kuzimia akiwa mahali pa kulishia, kama anaweza kuisukuma kwenye nyasi, kama mdomo haumlazimu kuinama. Kisha umnunulie, kwa pesa yako na si yake, miwani ya kukinga macho, vizibo au vifuniko vya masikio, buti, na glavu zinazobana kifundo cha mkono. Glavu zenye pindo pana hunaswa na vijiti na kuuvuta mkono. Kanga, shuka, mtandio unaoning'inia, kamba ya kitambulisho shingoni: vyote vibaki nyumbani. Matawi yasukumwe kwa fimbo, na mashine ikiziba, umeme uchomolewe au waya wa plagi ung'olewe ndipo mkono uingie. Watoto wasikaribie kabisa; vipande vya mti huruka mbali kuliko unavyodhani.

Kuna vitu visivyoingia kwenye mashine yoyote. Mnyaa ni wa kwanza. Ua wake umeenea vijijini, na utomvu wake mweupe ukirukia jichoni huweza kusababisha upofu. Mashine inaurusha kama mvua. Migomba yenye mnyauko wa bakteria ni ya pili. Ugonjwa huo ulithibitishwa Uganda mwaka 2001 na kusambaa katika nchi za Maziwa Makuu, na njia yake kuu mojawapo ni vifaa vya kukatia. Mashine iliyokata mgomba mmoja mgonjwa kisha kuzungushwa kwa majirani itasambaza ugonjwa kijiji kizima. Mashina kama hayo hukatwa kwa panga, hurundikwa mbali na migomba mizima na kuachwa yaoze, na panga husafishwa kwa jiki au kupitishwa motoni.

Kilichotoka kwenye mashine kitandaze juu ya udongo, unene wa sentimita 5 hadi 8, ukiacha nafasi ya kiganja kuzunguka shina la mti. Usikifukie, kwa sababu mti mkavu ukiozea ndani ya udongo hunyonya naitrojeni ambayo mimea yako inaihitaji. Ukitaka mboji, changanya na samadi au nyasi mbichi. Vipande vya kayaba na bogenvilia vyenye miiba vipeleke kwenye mboji kwanza, si kwenye njia ambazo watu hupita na ndala. Vya mkaratusi viache vikae miezi kadhaa kabla ya kuviweka karibu na miche. Na usitandaze chochote kikigusa ukuta wa nyumba, maana mchwa hawahitaji mwaliko mwingine.

Visu vitahitaji kunolewa, na hapa ndipo mashine nyingi hufia. Mpelekee fundi anayetumia tupa au jiwe la taratibu. Akiweka grenda mpaka chuma kiwe cha buluu, ugumu wake umeondoka na makali hayatakaa hata siku mbili. Kila kisu kipunguzwe sawa na mwenzake. Kimoja kikiwa chepesi, sahani itatetemeka na beringi zitalipa. Kwa walio pwani, pakaa oili kwenye visu na sahani kila baada ya kazi, kwani chumvi ya hewa hula chuma kilicho wazi kwa haraka.

Sasa rudi kwenye hesabu ya kwanza na ujiulize ni mara ngapi kwa mwaka mafungu ya katikati hujaa. Ikiwa ni mara mbili tu, baada ya masika na baada ya vuli, ushauri wangu ni kukodi, au kununua pamoja na majirani wawili watatu walio kwenye barabara moja. Mkinunua pamoja, andikianeni tangu mwanzo: mashine inalala kwa nani, nani pekee anaruhusiwa kuiendesha, kila mmoja anaweka mafuta yake, na pesa ya kunoa visu inakusanywa kabla ya msimu kuanza. Chagueni ya injini yenye magurudumu ya upepo, maana itatembea kwenye mashimo. Na irudishwe ikiwa imesafishwa, kifuniko kikiwa wazi, ili anayeipokea avione visu kwa macho yake kabla ya kukubali kuichukua.